Mlango wa Nyuma wa Nairobi

Ukitembea katikati ya Nairobi, kutoka Barabara ya Moi kuelekea River Road, utaona kwamba nyuma ya safu nyingi za maduka kuna kichochoro chembamba kisicho na jina. Siku hizi humo mna vibanda vya simu, mafundi wa viatu na akina mama wa chai. Lakini vichochoro hivyo havikutokea kwa bahati. Wapangaji wa mji wa kikoloni walivichora kwenye ramani na kuviita njia za usafi. Kabla ya mabomba ya maji taka kufika kila jengo, choo cha duka kilikuwa ndoo. Ndoo iliwekwa nyuma, chini ya tundu lenye kifuniko kilichofungukia kichochoroni, na usiku mtu alipita akaitoa, akaimwaga, akairudisha mahali pake. Mwenye duka hakuwa na haja ya kumwona. Na mteja aliyeingia asubuhi kwa mlango wa mbele hakuwa na haja hata ya kujua kwamba kuna mlango mwingine.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa watu wa ndoo, miaka ya 1950. Nyumbani Butere tulijua tu kwamba aliwahi kufanya kazi kwa kanjo, yaani baraza la jiji. Kazi gani kwa kanjo, hakusema, na adabu za kwetu haziruhusu mtoto kumchimba mzee. Aliyenifungulia habari hiyo ni bibi, babu akiwa amekwisha kuzikwa, siku nilipomwambia kwa aibu kwamba kazi niliyoipata Nairobi baada ya kidato cha nne ni ya kupiga deki katika jumba la maduka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi umerithi, mjukuu wangu," akasema. "Babu yako naye alikuwa akiingilia nyuma."

Tangu siku hiyo nimezoea kuutazama mji huu kwa upande wa nyuma, na sikubaliani na wanaosema kwamba moli ziliiletea Nairobi mpangilio mpya. Moli ilichukua mpangilio wa kichochoro, ikauezekea paa, kisha ikaweka vigae na kiyoyozi upande mmoja tu.

Reli ilifika hapa mwaka 1899 na maduka yakaifuata. Tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, maofisa walilichoma moto soko zima. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, na hoja yake ilikuwa afya. Kikaja kipande, kile cheti cha kazi ambacho Mwafrika alikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Mji uliihitaji mikono ya mtu huyu kutwa nzima, ila jioni ulitaka arudi Pumwani na asionekane tena hadi kesho.

Kutoonekana huko kulikuwa kitu halisi, na kuna ushahidi wake. Tom Mboya, kabla hajawa mwanasiasa, alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kitabu chake Freedom and After anasimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini, mwanamke Mzungu akaingia na maziwa yaliyotakiwa kupimwa, akaangaza huku na huku, kisha akauliza kama humo hamna mtu. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Huyo ni Mboya, mwenye shati safi na kalamu mfukoni, amesimama mbele ya mtu mchana kweupe. Sasa fikiria babu yangu, aliyelipwa na baraza hilohilo, na ndoo yake saa nane za usiku.

Sitaki kuipamba mitaa ya zamani. Katika Mtaa wa Biashara, ambao zamani ulikuwa Bazaar Street, mfanyakazi alitukanwa, akalipwa kiduchu, na akafukuzwa bila barua. Lakini kazi ilifanyikia mbele. Mteja alinunua kitambaa ndani kwa Mhindi, akatoka barazani kupimwa na fundi aliyekuwa na cherehani yake palepale, mguu ukikanyaga, sindano ikilia. Mchukuzi alipita na mkokoteni katikati ya watu akipiga kelele apishwe. Bei ya suruali ilikuwa na sura ya mtu. Na watu hao walipoacha kazi, mji ulijua. Mei 1950 viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Makhan Singh, walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki moja, na serikali ikamwaga askari na magari ya deraya mitaani. Mgomo wa namna hiyo unawezekana pale ambapo nafasi ya mtu ikibaki wazi, kila anayepita anaiona.

Ujanja wa kuificha kazi yote kwa mara moja ulibuniwa Marekani. Victor Gruen, msanifu wa majengo aliyezaliwa Vienna na kuwakimbia Wanazi mwaka 1938, alijenga Northland karibu na Detroit mwaka 1954, na miaka miwili baadaye Southdale huko Minnesota, ambayo huhesabiwa kuwa moli ya kwanza iliyofunikwa yote. Watu humsifu kwa bustani ya ndani na hewa isiyobadilika mwaka mzima. Mimi naona jambo kubwa zaidi alilolifanya ni kuyashusha malori chini ya ardhi. Mteja wa Southdale angeweza kununua friji bila kuona hata mara moja mtu aliyebeba friji.

Nairobi ilipata jumba la namna hiyo mwaka 1983, Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands. Village Market ikafuata mwaka 1995, The Junction mwaka 2004, Westgate mwaka 2007, Thika Road Mall mwaka 2013, Garden City mwaka 2015, Two Rivers mwaka 2017. Vitabu vya wasanifu vitakueleza jinsi zinavyotofautiana. Kwa nyuma zote ni dada wa tumbo moja. Unaingilia kwenye geti la mizigo, unaandika jina na saa katika kitabu cha soja, unafungua mkoba. Vitu vyako unavitia katika mfuko unaoonyesha ndani ili utakapotoka ijulikane kwamba sabuni ni yako. Kisha unapita katika ujia mrefu wa mawe ambayo hayajapigwa lipu, mabomba juu ya kichwa, harufu ya mafuta ya kukaangia na maji ya samaki, taa moja inapepesa. Mwisho wa ujia pana mlango mzito. Upande wako mlango huo ni bati tupu lenye alama za troli. Upande wa pili umepakwa rangi ya ukuta ili usijulikane kama ni mlango.

Niliingia kwa mlango kama huo mwaka 2005, katika jumba ambalo sitalitaja, chini ya kampuni ya usafi ambayo nayo sitaitaja. Zamu ya usiku ilianza saa nne, wateja wa mwisho wakiwa bado wanamalizia kahawa. Watu wanadhani sakafu ya moli hung'aa kwa sababu ni ya bei ghali. Mawe ya bei ghali ndiyo yanayoonyesha uchafu upesi. Kwanza tulifagia kwa ufagio mpana wa nyuzi, tukiuvuta bila kuunyanyua, maana ukiunyanyua vumbi linaruka na kutua nyuma yako. Kisha tulipiga magoti na kikwanguo kutoa chingamu. Ilikuwa kazi ya usiku mzima chini ya sinema, ambako vijana hutema wanapotoka. Ndipo ikaja mashine ya kusugua, halafu mpira wa kukausha, halafu mashine nyepesi ya kung'arisha, ambayo ukiiegemea kidogo upande mmoja inakuchorea duara, na duara hilo litaonekana saa tatu asubuhi jua likiingia kupitia paa la kioo. Supavaiza wetu hakutazama sakafu kwa juu. Alichutama mwisho wa ukumbi akaitazama kwa ulalo, kama mtu anayelenga shabaha, na kila alipoona duara alinyoosha kidole bila kusema neno.

Vitambaa vilikuwa na rangi zake: chekundu cha choo, kijani cha jikoni, samawati cha vioo na meza. Kuvichanganya kulikugharimu malipo ya nusu siku. Jambo nililolipenda, na nasema hivi bila kejeli, ni mkono wa ngazi za umeme. Hupandi nazo ukipangusa. Unasimama chini pahali pamoja, unashika kitambaa kwa mkono mmoja, na mkono wa ngazi unapita wenyewe ndani ya kiganja chako, unazunguka, unarudi, hadi kitambaa kiache kutoa weusi. Nilikuwa nimesimama, na kwa dakika zile hakuna aliyeweza kuniambia sifanyi kazi.

Zamu ya mchana ilikuwa ngumu zaidi ingawa kazi ilikuwa nyepesi, kwa sababu ya wateja. Tulifundishwa kutembea kando ya ukuta, kutozungumza sisi kwa sisi, kutotumia lifti ya wateja hata ukiwa na ndoo mbili, na kutokaa. Nilipoketi siku moja kwenye ukingo wa chungu cha maua, supavaiza alinijia haraka. "Dada, simama tafadhali. Mteja akikuona umepumzika, ni mimi nitaulizwa." Hakuwa mtu mbaya. Yeye naye alikuwa na mtu wa kumchutamia.

Kuna mahali pamoja tu katika jumba lile ambapo jina langu liliandikwa hadharani. Ni ile karatasi nyuma ya mlango wa choo, yenye saa upande mmoja na sahihi upande mwingine. Kila nusu saa nilitia sahihi. Wenye duka la nguo walikuwa na majina kwenye taa, benki ilikuwa na jina, hata samaki kwenye barafu walikuwa na majina. Sisi tulikuwa nyuma ya mlango wa choo, kwa kalamu ya wino iliyofungwa uzi. Mpaka leo nikiingia choo cha moli husoma karatasi hiyo yote. Mara nyingi sahihi za siku nzima ni za mkono mmoja.

Ukiuliza katika moli mfagiaji ni wa nani, swali ni gumu kuliko linavyosikika. Zamani duka lilikuwa na mfagiaji wake na mlinzi wake. Tangu miaka ya 1990, wakati mashirika yalipopunguza watu na kila mtu akahubiriwa kubana matumizi, kazi hizo zilianza kukabidhiwa kampuni za nje. Mwenye jumba analipa kampuni ya usafi, kampuni ya usafi inamlipa mfagiaji kinachobaki. Soja ni wa kampuni nyingine. Hata rafu za supamaketi si za supamaketi. Yule kijana anayepanga unga, anayesogeza pakiti za zamani mbele na mpya nyuma, anayegeuza kila kopo hadi jina likutazame, mara nyingi hakuajiriwa na duka hilo. Ni machandaiza, ameletwa na mtengenezaji wa unga kupitia wakala, na shati lake lina nembo ya unga. Watu watatu wanaweza kusimama katika ujia mmoja, wanafanya kazi chini ya paa moja, wana mabosi watatu, na hakuna hata mmoja kati ya mabosi hao aliye na ofisi ndani ya jengo. Mgomo wa 1950 ungeanzia wapi hapo?

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua akiendelea na kazi kwa siku zinazofika mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku kwa siku. Ni sheria nzuri. Vijana wa leo wananiambia jinsi inavyokwepwa: siku chache kabla ya muda kutimia unaambiwa upumzike, kisha unaitwa upya kama mgeni. Na katika jedwali la mshahara wa chini, mstari wenye fedha kidogo kuliko yote unawataja pamoja mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Novemba 2024 mstari huo, kwa Nairobi, ulitoka shilingi 15,201.65 ukawa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Senti wamezihesabu vizuri.

Ndiyo maana kila moli ina kijiji chake. Mtu wa mshahara huo hawezi kupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo anaishi mahali anapoweza kufika kwa miguu. Westlands ina Kangemi. The Junction ina Kawangware. Prestige Plaza kwenye Barabara ya Ngong ina Kibera. Village Market, iliyo jirani na nyumba za mabalozi, ina Githogoro. Simama Waiyaki Way saa kumi na moja na nusu alfajiri uone safu ya watu wanaotembea kimyakimya kutoka Kangemi, sare imekunjwa ndani ya mfuko ili isipate vumbi. Wapangaji wa mji walipiga hesabu ya magari yatakayoegeshwa, ghorofa kwa ghorofa. Hesabu ya hawa wanaotembea haikupigwa na mtu.

Supamaketi kubwa zilipoanguka tulisoma magazetini juu ya wakopeshaji na wauzaji waliodai. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa kwa muda mwaka 2006 na mlango wake ukafunguliwa tena kwa taabu. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, mengine yakikesha saa 24, kisha ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wanaoidai wakaamua ivunjwe. Kabla ya habari kufika gazetini, waliopanga rafu walishajua. Kwanza maziwa hupungua. Halafu unaambiwa utandaze kilichopo: chupa moja moja kwenye ukingo wa mbele, nyuma patupu, rafu nzima ionekane imejaa. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi ya deki wakati huo, nafundisha, lakini nikiwa mteja nilipitisha mkono nyuma ya safu ya sabuni nikagusa bati. Kuna mtu alikuwa amelipwa kuficha utupu ule, tena kwa mshahara uliochelewa.

Lazima niseme jambo la Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi mchana, watu wenye bunduki walivamia jumba hilo na watu 67 wakauawa, wakiwemo wateja na wafanyakazi. Katika saa zile za kwanza baadhi ya waliookoka walitokea nyuma, kupitia stoo na njia za mizigo. Nani angejua njia hizo? Si mwenye kadi ya uaminifu ya duka. Mlango uliopakwa rangi ya ukuta ulijulikana na yule anayeusukuma kila siku kwa bega huku amebeba katoni. Baada ya hapo moli zote zilibadilika kwa mbele: vioo vya kutazama chini ya magari, mashine za kupekua mikoba, masoja wengi getini. Westgate yenyewe ilifunguliwa tena Julai 2015. Na soja wa getini, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kumzuia mtu mwenye bunduki, alisimama pale na rungu na kile kifimbo cha kutambua chuma, saa 12 kwa zamu, mlinzi wa mchana wa mstari uleule wa chini.

Kuhusu huko kusimama: mwaka 1899, wakati reli ilipofika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viti vya wauzaji madukani. Ilidai kila duka liwe na kiti kimoja kwa kila wafanyakazi watatu wa kike, kwa sababu kusimama kutwa kuliwaumiza. Sisi pia tuna yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka wafanyakazi wanaofanya kazi kwa kusimama wawekewe mahali pa kukaa, ili wapumzike kila wanapopata nafasi. Haisemi wakae stoo. Haisemi wakae wateja wakiisha.

Kwa hiyo nina ombi kwako, wewe unayekwenda moli Jumamosi na watoto. Ukifika kwa keshia, tazama nyuma ya mashine yake kama kuna kiti. Tazama kama soja wa mlangoni ana kiti, na msichana wa vipodozi, na yule wa choo. Usimuulize yeye, swali lako linaweza kumponza. Omba kuonana na meneja, mwambie umesoma kwamba sheria inadai viti, na umuulize vya hapa viko wapi. Atakujibu kwamba hao si wafanyakazi wake. Mwambie basi akupe jina la mwenye wafanyakazi hao, na uliandike mbele yake.